Umbali wa Kilio

Wakati ule nilikuwa na miguu. Wajukuu wangu wakiniona ninavyoshika ukuta nikiinuka hawaamini, wanadhani bibi yao alizaliwa na mkongojo. Nilikuwa na miguu, tena miguu ya Mbulu, iliyokua kwa kupanda na kushuka milima kwenda shule, na nilijua ninayo. Hilo ndilo lililonitesa. Kama nisingejua, ningekaa nikalea watoto wangu kwa amani kama wenzangu.

Kazi ilinipeleka Kibondo miaka ya sabini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa bibi maendeleo, yaani mtumishi wa serikali anayezunguka vijijini kuwafundisha akina mama kushona, kutunza nyumba na kulisha watoto vizuri. Nilifika sina mume wala mtoto. Nilikuwa na sanduku la bati, raba nyeupe na hamu moja tu: nikimbie Dar es Salaam, kwenye uwanja wa taifa, jina langu litangazwe redioni. Baba yangu alikuwa na redio kule Mbulu, na kila jioni aliiweka dirishani ili majirani nao wasikilize. Nilitaka siku moja waketi pale chini ya dirisha, watulie, halafu wamsikie binti yake. Si hamu kubwa sana. Wengine walitaka ubunge.

Barabara ya Kibondo asubuhi ilikuwa nzuri kwa mkimbiaji, shida ni kwamba watu wake walikuwa na adabu mno. Kwa Waha mtu hapitwi hivi hivi. Salamu yao inataka usimame, uiname kidogo, upige makofi taratibu, uulize habari za nyumbani, ujibiwe, kisha nawe uulizwe. Mimi nilikuwa napita mbio nikirusha "Mwakeye" begani na kudhani nimemaliza. Hazikupita wiki nyingi nikaambiwa ofisini kwamba wazee wananung'unika, huyu bibi maendeleo mpya ana dharau. Na wale ambao hawakuona dharau waliona msiba. Mwanamke mzima anakimbia alfajiri, hana mzigo, hafukuzwi na mtu, basi lazima kuna aliyekufa. Siku moja niligeuka nikakuta akina mama wawili wananifuata mbio, khanga mkononi, wanahema, wanataka kujua tunakwenda kumlilia nani. Ilibidi nirudi nao mpaka kwao, nieleze, ninywe uji, niombe radhi. Siku hiyo sikukimbia tena.

Hata hivyo nilikuwa na kasi. Mwaka wa kwanza ule ule nilipelekwa Kigoma kwenye mashindano ya mkoa, na katika mbio ndefu za wanawake nilikuwa wa tatu. Walichukuliwa wawili. Yule wa pili alinipita mwishoni kabisa, niliona kisigino chake tu. Mwamuzi mmoja akanipiga bega akasema, "Usijali dada, mwaka kesho wewe ndiye." Nilirudi Kibondo juu ya lori la mihogo nikiwa nimeyashika maneno hayo kama mtu aliyeshika hati ya shamba.

Mwaka kesho ulipofika nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimeolewa na karani wa mahakama, mtu wa Tabora, mpole, mwenye utani wa chinichini ambao ulikufikia umeshachelewa kukasirika. Hakuwahi kunizuia kukimbia. Alisema aliponiona mara ya kwanza nilikuwa natoka jasho, kwa hiyo hana anachoweza kulalamikia.

Tukapata binti. Hapo ndipo nilipoona cha mtema kuni. Mume wangu alikuwa akisafiri na hakimu kusikiliza kesi huko na huko, na alfajiri, saa yangu ya kukimbia, nilikuwa peke yangu na kichanga. Ndugu wako Mbulu, mashemeji wako Tabora. Nilikaa ndani miezi kadhaa nikitazama barabara dirishani, na nawaambia kweli, niliichukia ile barabara.

Halafu nikatafuta njia. Nyumba za watumishi zilikuwa juu ya kilima, na chini yake bonde. Niligundua jambo ambalo sikufundishwa na mwalimu yeyote wa michezo: kwa mwenye mtoto mdogo, urefu wa mbio haupimwi kwa maili, unapimwa kwa kilio. Mtoto akilala, upepo ukiwa unatoka nyumbani kuja kwangu, niliweza kufika mpaka kwenye mikaratusi na bado nikamsikia akiamka. Upepo ukigeuka, mwisho wangu ulikuwa shimo la taka. Na mvua ikipiga bati husikii kitu kabisa, siku hizo nilikimbia kuizunguka nyumba yenyewe, raundi baada ya raundi, huku nikichungulia dirishani kila nikipita.

Nikazunguka hivyo masika nzima. Asubuhi moja akaja balozi wa nyumba kumi, amevaa koti, amevua kofia. Mume wangu alikuwepo siku hiyo. Balozi alikaa, akanywa chai, akazungumzia maharage, akazungumzia bei ya sabuni, mwisho akakohoa.

"Mama, sisi majirani hatuna neno," alisema. "Kila mtu ana namna yake ya kulinda nyumba. Tulikuwa tunauliza tu, hiyo dawa unayozunguka nayo alfajiri, haiwezi kutudhuru sisi wa jirani?"

Nilihisi masikio yananiwaka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo bibi maendeleo hapaswi kumwambia balozi. Mume wangu akawahi. "Haidhuru, balozi," alisema bila hata kutabasamu. "Ni dawa ya miguu tu."

Balozi akaondoka ameridhika. Mume wangu akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamnunia siku nzima. Lakini kesho yake jirani wa upande wa pili alinisubiri uani kwake amefunga mtoto mgongoni. Akaniambia kwa aibu kwamba, kama haidhuru, basi nikizunguka kwangu nipitie na kwake, maana mwanawe halali vizuri. Ningefanya nini? Nikazunguka nyumba mbili. Si haba, mbio zikarefuka, na sauti ya binti yangu niliisikia vizuri tu kutoka kule.

Ndivyo nilivyojifunza kukata hamu yangu vipande. Mwaka ule sikuitafuta Dar es Salaam, niliutafuta mkaratusi wa mbali. Mwaka uliofuata nilikwenda Kigoma tena, nikawa wa tano, nikarudi nimekasirika, lakini angalau nilikuwa nimekwenda.

Kisha tukahamishiwa Kasulu. Kasulu ilikuwa na maduka zaidi, na ukungu zaidi, na vilima ambavyo mtu wa Mbulu akiviona moyo unatulia. Huko nikazaa mtoto wa kiume. Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya migomba michache, alikaa mjane mmoja Mha, mtu mzima, mfinyanzi wa vyungu, ambaye watoto wake wote walishaolewa na kuoa. Alikuja kunisalimia siku niliyojifungua, na tangu hapo ni kama hakuondoka. Tulimwita Bibi. Alinipokea watoto asubuhi, akanirudishia jioni wakiwa wameshiba na wana udongo kichwani. Huyu mwanamke ndiye aliyenirudishia miguu yangu. Asubuhi alichukua mtoto, mimi nikashika barabara ya Nyakitonto, na nilikimbia bila kutega sikio nyuma. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nililia njiani, nikijifanya ni jasho.

Hata kazini nilijiibia mbio. Land-Rover ya ofisi ilipokuwa ikitupeleka Muyama, nilimwambia dereva anishushe chini ya mlima wa mwisho, nikapanda kwa miguu yangu, gauni nimelikunja, yeye ananifuata nyuma polepole akipiga honi kunitania. Akina mama wa Muyama waliacha mibuni yao wakaja kunipokea juu kwa makofi. Walidhani serikali imenipunguzia mafuta ya gari.

Wale akina mama wa Muyama niliwapenda, na ni lazima niseme nilichowafundisha, kwa sababu kitakuja kurudi. Nilikuwa na picha kubwa za kutundika ukutani, mama mnene, mtoto mnene, yai, maharage. Nilisimama mbele yao na fimbo nikawaambia kwamba mtoto anyonye mpaka atimize miaka miwili. Nikawaambia, ukiwa shambani mtoto akalia, usiseme namalizia tuta hili. Acha jembe, mpe ziwa, jembe litakungoja. Walilipenda hilo neno. Wakawa wanaambiana wao kwa wao kwa kucheka: jembe litakungoja. Mimi nikajiona mwalimu hodari.

Mwanangu alipokuwa anaanza kusimama kwa kushika vitu, afisa utamaduni wa wilaya alitangaza kwamba Saba Saba itakuwa na mbio. Katika mbio ndefu za wanawake watachukuliwa wawili, waende kambi Kigoma, na huko, wakionekana wanafaa, wapande treni kwenda Dar es Salaam. Nilisikia habari hiyo nikiwa na karai la nguo, nikaliweka chini. Nilijua hesabu yangu. Wasichana wa shule walikuwa wanakuja juu, wepesi kama swala, na mimi sikuwa msichana. Nikikosa mwaka huu, nimekosa moja kwa moja.

Nikamwambia mume wangu.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Mtoto ana Bibi."

"Bibi hana maziwa."

"Kuna maziwa ya ng'ombe."

Akashusha kiatu alichokuwa anakipiga rangi. "Mama watoto, mimi sikukatazi. Nauliza tu."

"Basi usiniulize," nikamwambia, na nilimwambia kwa sauti ambayo ilimfanya ainame akaendelea kupiga viatu vyake rangi. Alikuwa anauliza kitu kile kile nilichokuwa najiuliza, na ndiyo maana nilimkaripia.

Bibi yeye hakuuliza. Nilipomweleza kuhusu kambi, alikuwa anakanda udongo. Alisema tu, "Ukirudi maziwa yatakuwa yamekauka," akaendelea kukanda. Hakunilaumu. Aliniambia kama mtu anavyokuambia kwamba mvua itanyesha, chukua mwavuli. Nikapiga moyo konde. Nilijiambia watoto wangapi wameachishwa ziwa mapema na wamekuwa watu wazima. Nilijiambia mengi sana siku zile.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa. Chokaa ilikuwa imekwisha wilayani, kwa hiyo mistari ilichorwa kwa majivu, na upepo ulikuwa unakwenda nayo. Wakulima walileta mahindi na mihogo ya maonyesho. Akina mama wa Muyama walikuja na lori, wameleta vikapu vyao, na waliposikia kwamba bibi maendeleo wao anakimbia waliviacha vikapu wakaja kukaa karibu kabisa na mstari. Bibi akakaa katikati yao na watoto wangu wote wawili, mkubwa ameshika khanga yake, mdogo mapajani. Mume wangu hakuwepo, alikuwa Kibondo na hakimu, angerudi jioni. Kabla ya mbio nilimpa mtoto ziwa. Akakataa. Alikuwa anachezea kifungo cha gauni langu anacheka. Haya, nikasema, atakula nikimaliza.

Zilikuwa raundi nane. Sasa nataka mfikirie jambo ambalo mimi sikulifikiria. Mtoto wa miezi kumi amekaa sehemu moja. Mama yake anatokea mbio upande huu, uso kwa uso, anamjia. Mtoto ananyoosha mikono. Mama anapita, anatokomea upande ule. Baada ya muda mfupi mama yule yule anatokea tena.

Raundi ya kwanza alicheka. Ya pili alinyoosha mikono, na nilipopita nikasikia nyuma yangu sauti ile ya kuanza, ile ya kuvuta pumzi. Ya tatu alikuwa analia kweli kweli. Nami nilikuwa nakimbia vizuri, jamani. Sijawahi kukimbia vizuri namna ile. Msichana mmoja wa sekondari alikuwa mbele na sikumjali, nilikuwa wa pili na waliokuwa nyuma yangu walikuwa mbali. Wa pili anatosha. Nilimsikia mwanangu, na maziwa nayo yakamsikia. Kifua kikawaka, gauni likalowa mbele yote, na nikaendelea.

Akina mama wa Muyama walikuwa wananishangilia. Raundi ya nne wakaacha kushangilia. "Bibi maendeleo, mtoto analia," aliniambia mmoja nilipopita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayedhani hukusikia. Raundi ya tano walikuwa wamesimama. "Mpe ziwa, mbio zitakungoja," akasema mwingine, na wengine wakaitikia, na nikayajua maneno yangu mwenyewe. Kwao halikuwa jambo gumu. Nilisikia baadaye kwamba walikuwa wameshampelekea mwamuzi mjumbe, kumwomba awasimamishe wale wasichana wengine pale pale walipo, kila mtu na nafasi yake, bibi maendeleo anyonyeshe, kisha waendelee. Mwamuzi alidhani wanamtania.

Alipokataa, wao wakaona hajui kitu. Raundi ya sita nilipotokea kwenye kona niliwaona wamevuka mstari wa majivu. Walikuwa wametandika khanga katikati ya njia na kuketi, Bibi akiwa mbele na mtoto wangu anayepiga kelele, na nafasi ya mtu mmoja imeachwa wazi pembeni yake, kwa ajili yangu. Yule msichana wa mbele alipunguza mwendo, akashangaa, akapita pembeni. Mwamuzi anakuja anapuliza filimbi.

"Tokeni njiani," nilipiga kelele. "Tokeni."

Nikawazunguka nikapita. Sitasahau nyuso zao. Hawakukasirika. Walishangaa tu, kama watoto wa shule ambao mwalimu amewapigia kosa jibu walilolitoa kwenye daftari lake mwenyewe.

Nikakimbia upande wa mbali wa uwanja huku nalaani. Niliwalaani wao, nikailaani kazi yangu, nikazilaani na zile picha za ukutani. Zilibaki raundi mbili. Nilikuwa bado wa pili. Nilijisemea, kaza, mwanamke, kaza, anaweza kulia raundi mbili, hakuna mtoto aliyekufa kwa kulia raundi mbili. Na ni kweli. Kilio nilikuwa nimekizoea. Miaka minne nilikuwa nimekimbia nikipima kilio, nilijua kipi cha njaa, kipi cha usingizi, kipi cha deko, na hiki ningeweza kukimbia nacho mpaka mwisho.

Nilipotokea kwenye kona tena, mwamuzi alikuwa ameshawaondoa. Walikuwa wamerudi nyuma ya mstari, kimya, vichwa chini. Na mtoto alikuwa kimya. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa begani kwa Bibi, amechoka kulia, anatoa vile vikwifukwifu vya mwisho. Akaniona nakuja. Mikono hakunyoosha. Alinitazama kama anavyotazama mtu yeyote anayepita barabarani, kisha akageuza uso, akauficha shingoni mwa Bibi.

Nikasimama.

Hakuna aliyeniita. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu Kasulu walihadithia miaka mingi kwamba akina mama wa Muyama walinikamata. Hakuna aliyenigusa. Nilisimama mwenyewe, miguu bado inataka kwenda, nikavuka majivu, nikakaa kwenye nyasi, nikasema, "Nipe." Bibi akanipa. Mwanangu alikataa kwanza, alikaza shingo, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamwambia, ni mimi, ni mimi, nikamsugua mgongo. Akafikiria. Kisha akashika ziwa kwa mikono miwili, akanyonya huku ananiangalia, na jasho langu linamdondokea usoni.

Wasichana wakapita, wa tatu akawa wa pili, wa nne akawa wa tatu. Nikasikia shangwe za kumalizia upande ule. Sikugeuka kutazama ni nani. Akina mama walikuwa wametuzunguka, wanatupepea kwa khanga, wamefurahi, wanaona mambo yamekwenda yanavyotakiwa. Mimi nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumtupia. Walinishika mikono wakanipongeza.

Mtoto alipolala mdomo wazi, nilimfunga mgongoni. Bibi alidhani tunakwenda nyumbani, akamshika binti mkono. Nikamwambia bado. Zilikuwa zimebaki raundi moja na ushee, nami sikuwa mtu wa kuacha shamba limebaki tuta moja. Mwamuzi alikuwa anaita watu wa mbio za magunia, magunia yameshapangwa kwenye mstari. Akaniambia, "Mama, mbio zimekwisha." Nikamwambia zao zimekwisha, zangu bado. Akatazama akina mama wa Muyama, ambao walikuwa wanaanza tena kusogelea majivu, akaona bora apumzike. Nikakimbia. Mwendo wa mtu aliyebeba mtoto aliyelala, si mwendo wa kumfikisha mtu Kigoma. Uwanja mzima ulikuwa wangu peke yangu, wengine wameketi kwenye nyasi wanakula miwa, na akina mama wakanipigia makofi mwanzo mpaka mwisho, yale makofi yao ya taratibu ya salamu.

Sikujaribu tena mashindano ya mkoa. Niliendelea kukimbia, asubuhi, kwa ajili ya pumzi zangu, mpaka mtoto wa nne. Baba yangu alifariki akiwa hajasikia chochote redioni kinachonihusu, na sikuwahi kumwambia kwamba kilikuwepo cha kusikia.

Lakini jioni ile ya Saba Saba nilikuwa bado sijayajua hayo yote, nilijua moja tu, kwamba nimekosa. Nilikuwa nasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko unalia. Mume wangu akaingia kutoka Kibondo, vumbi mpaka kwenye kope. Akanitazama usoni, akaona asiniulize. Akamwinua binti yetu akamuuliza yeye.

"Haya, mama amekuwaje huko uwanjani?"

Binti alifikiri. "Wale wengine walichoka," akasema. "Walikimbia, halafu wakachoka, wakaenda kukaa kwenye majani. Mama hakuchoka. Alimnyonyesha mtoto, halafu akakimbia tena peke yake, watu wote wakampigia makofi."

Mume wangu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa ameelewa kila kitu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Nilifungua mdomo nimrekebishe yule mtoto. Nilitaka kumwambia si hivyo, mama amekuwa wa mwisho, mama alikuwa anakwenda Dar es Salaam na sasa haendi tena. Nilishika mwiko nikalia mbele yao, kwa sauti, kilio cha mtu mzima ambacho watoto wangu hawakuwahi kukisikia.

Binti akajisukuma ashushwe. Akaja akanishika goti, akanitazama kutoka chini, uso umejaa mshangao.

"Mama," akasema, "kumbe na wewe umechoka?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimechoka sana."

Akaenda akakivuta kigoda kwa mikono miwili, kinakwaruza sakafuni, akakileta mpaka nyuma ya miguu yangu.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa.